Mrudishie Mwalimu Kadi Yake

Kaka wa Kilifi. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakukasirikia, nikaiweka kando nikaenda kukoroga chai. Nilipoirudia nikaona mwandiko wako unavyoharibika pale unaposimulia usiku wa kumpeleka dadako hospitali: herufi zinapandana, maneno mawili umeyakata, na jina la mama yenu umeliandika nusu. Hasira zikapungua. Hazikwisha, kwa hiyo mahali utakapoona nimekuwa mkali ujue ni mabaki hayo.

Kwa ajili ya wenzetu wanaosoma, nifupishe. Mdogo wako wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi, hajaolewa, mnaishi nyumba moja pamoja na mama. Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, alianza kukesha. Usiku anafua, anapanga vyombo, anawapigia simu watu waliosoma naye zamani. Mchana anagawa nguo zake kwa wapita njia na kukopa kwa simu, mkopo juu ya mkopo, mpaka akaleta nyumbani vyerehani vitatu na kushona hajui. Mlimwita ustadh akamsomea, hakutulia. Usiku mmoja akatoka peke yake kuelekea baharini. Hapo wewe na binamu zako mkamshika, mkamfunga mikono kwa leso ya mama, mkamtia kwenye gari la kukodi huku anapiga kelele kwamba hataki. Akalazwa. Daktari akasema ni baipola, ugonjwa unaompandisha mtu mpaka usingizi ukamkimbia, kisha ukamshusha mpaka kuoga kukamshinda. Baada ya wiki kadhaa akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa ametulia, na tangu hapo hakusemeshi ila kwa lazima.

Wewe nawe umeshika kadi yake ya benki na namba ya siri ya M-Pesa. Umemwandikia mwalimu mkuu kumweleza ugonjwa wenyewe na kuomba mshahara upitie kwenye akaunti yako. Umepata barua ya chifu ili uuze kiploti chake cha Mtwapa, ulipe yale madeni na bili ya hospitali. Na sasa kwa kuwa ameanza kuruka dawa, unauliza kama unaweza kumrudisha wodini "kabla mambo hayajaharibika", na kama ni kweli anaweza kukushtaki, maana ndiyo anayotishia.

Tuanze na sahihi yako. Chini ya jina la utani umeongeza: "mlezi wake kisheria." Mwanangu, cheo hicho nani amekupa? Umelijibu mwenyewe juu zaidi katika barua: ulitia sahihi fomu hospitalini. Basi nisikilize vizuri. Karatasi ile ilikuwa ombi la kumlaza, kwa ugonjwa wa wakati ule. Siku daktari alipomruhusu kwenda nyumbani, kazi yake ilikwisha ikabaki kwenye faili. Haikukufanya baba yake, wala wakili wake, wala meneja wa tawi la benki.

Huko peke yako katika kufikiri hivyo. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu akishalala wodi ya akili hata mara moja, neno lake limekwisha: akikataa ni ugonjwa, akikubali ni ugonjwa, akidai chake ndiyo kabisa. Imani hiyo ina mizizi. Hospitali ya Mathari pale Nairobi, ambayo jina lake watoto wa shule hutaniana nalo mpaka leo, ilifunguliwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Wenye maradhi ya akili walirithi vyumba vya wenye kuambukiza, na fikra za kuwaweka mbali na watu zikarithiwa pamoja na vyumba.

Lakini hata Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, pamoja na mapungufu yake, haikwenda umbali uliokwenda wewe. Iliporuhusu mume, mke au jamaa kuomba mtu alazwe bila hiari yake, ilimzungumzia mgonjwa ambaye kwa wakati huo hawezi hata kueleza kama anataka matibabu au hataki. Ikaweka na kikomo: miezi 6, ikibidi iongezwe, lakini jumla isizidi miezi 12. Sheria iliyowawekea madaktari kikomo wodini ingewezaje kukukabidhi wewe dadako sebuleni, bila tarehe ya mwisho?

Halafu mwaka 2022 Bunge likaifanyia sheria hiyo marekebisho makubwa. Siku hizi imeandikwa wazi kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kuyakubali au kuyakataa, ya kushiriki kuyapanga, ya kutunziwa siri, ya kupata bima ya matibabu, ya kulindwa asidhulumiwe wala asinyonywe, na ya kutambuliwa mbele ya sheria sawa na mtu mwingine yeyote. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshatangulia. Inapoeleza maana ya ulemavu inataja na wa akili, na kifungu cha 54 kinasema mtu huyo atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdunisha. Hapo nakuuliza kwa upole: watoto wa nyumba yenu wanamwitaje shangazi yao? Maana katika barua yako yote mimi nimeona "mgonjwa wetu", na mahali pamoja "yule". Jina lake sikuliona, na nadhani hukulificha kwa ajili ya gazeti tu.

Nikuchekeshe kidogo, ingawa hutacheka. Umesema ukikosa njia nyingine utamwendea chifu amchukue. Sheria ya 1989 kweli inayo sehemu inayowapa maafisa wa polisi na wa utawala, machifu wakiwemo, uwezo wa kumchukua mtu wanayeamini anaugua akili na ni hatari kwake au kwa wengine, wamfikishe hospitali ndani ya saa 24. Umeisikia hiyo. Usiyoisikia ni kwamba sehemu hiyo hiyo inamgusa pia mgonjwa asiyetunzwa ipasavyo au anayetendewa ukatili na jamaa anayekaa naye. Kwa hiyo mkifika kwa chifu, jiandae na wewe kuulizwa. Akisimulia ya leso, ya kadi na ya kiploti, sijui ni nani kati yenu atakayekuwa na maelezo marefu zaidi.

Kwenye kiploti hicho nitakuwa mfupi: usiuze. Chifu ni mtu wa maana, anajua mipaka ya kila shamba na nani alizaliwa wapi, lakini barua yake haiuzi mali ya mtu mzima aliye hai, ambaye kusoma na kuandika anawafundisha watoto wa kijiji kizima. Mtu asipoweza kabisa kuendesha mali yake kwa sababu ya ugonjwa, mahakama ndiyo humteua msimamizi, baada ya kusikiliza ushahidi. Na msimamizi huyo hukabidhiwa madaftari, hana haki ya kufanya apendavyo: anaorodhesha mali, anatoa hesabu, na ardhi haiuzi mpaka mahakama impe ruhusa mahususi kwa jambo hilo. Dadako hajafika huko. Anajua ana kiploti, anajua kiko wapi, anajua hataki kiuzwe. Huyo ni mwenye mali. Ukimuuzia mtu kwa barua ya chifu utakuwa umewatia watu wawili hasara, na wewe ukawa wa tatu.

Juu ya madeni sitaki nikuonee. Vyerehani vile ulivirudisha wewe, kimoja kimoja, kwa kubembeleza wenye maduka. Waliokopesha kwa simu walimpigia mama yenu mpaka akaogopa kushika simu yake mwenyewe. Hofu yako ina sababu, na mtu akikuambia ugonjwa huu hauli pesa za nyumba huyo hajaishi nao. Ila angalia hofu imekupeleka wapi: mwalimu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anasimama mbele ya darasa kutwa nzima, mwisho wa mwezi anakuja kukuomba nauli. Umeniandikia kwamba alilia kwa sababu ulimpa pesa za pedi ukasahau za sabuni. Wewe ukaiona kuwa dalili. Mimi nimeiona aibu, na aibu hiyo haikuwa yake.

Mrudishie kadi wiki hii. Usimrudishie kwa kumrushia mezani. Mkae, umwambie unachoogopa, umuulize yeye angependa pesa zake zilindwe vipi siku akianza kupanda tena. Yapo ya kufanya. Anaweza kufungua akaunti ya akiba inayotaka sahihi mbili, ya pili ya mtu anayemchagua yeye, na huenda asikuchague wewe. Anaweza kuamua mwenyewe ni nani atashika simu yake usingizi ukipotea siku mbili mfululizo, na atarudishiwa lini. Kinachotofautisha mpango huo na wako wa sasa ni kwamba huo atakuwa ameutaka, na anaweza kuubadilisha.

Sasa dawa, na hapa naomba usome polepole. Umeniorodheshea dalili zinazokufanya uamini anaharibikiwa: anakunywa maji jagi zima na kuongeza, usiku anakwenda chooni mara kwa mara, vidole vinatetemeka, na "akikanywa anakuwa mkali". Kisha, juu kidogo, umetaja vidonge anavyotumia, kimojawapo lithiamu. Mimi si daktari, lakini muulize daktari yeyote au hata mfamasia: kiu, mkojo wa mara kwa mara na vidole kutetemeka ni mambo yanayojulikana sana kwa watumiaji wa lithiamu. Ulichokiita ugonjwa kurudi huenda ni dawa inayofanya kazi yake, pamoja na usumbufu wake. Mwalimu wa darasa la tatu anaandika ubaoni, chaki inacheza, herufi zinapinda, watoto wa nyuma wanacheka. Akirudi nyumbani anaruka kidonge cha jioni. Je, umewahi kumuuliza kwa nini anaruka? Katika barua yako swali hilo sikulikuta. Nilikuta "anakaidi".

Anayo haki ya kumwambia daktari, "Dawa hii inaniaibisha kazini, nipe njia nyingine." Wapo wanaopunguziwa kipimo, wanaobadilishiwa saa ya kumeza, wanaohamishiwa dawa tofauti. Lakini ili aseme hivyo, lazima awe ndani ya chumba cha daktari yeye mwenyewe, na wewe uwe nje kwenye benchi mpaka aseme uingie. Umejisifu kwamba kliniki unaingia wewe kumwelezea hali yake "ili asidanganye". Kaka, ukiumwa tumbo ungependa shemeji yako aingie akuelezee?

Kuna mawili ya kitabibu nisiyoweza kuyapita. Lithiamu hupimwa kwa damu mara kwa mara, maana ikizidi mwilini ni sumu. Kutetemeka kukiongezeka ghafla, akatapika, akaharisha, akayumba akitembea au ulimi ukawa mzito, anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kliniki. Na kwa sababu hiyo maji usimnyime kabisa, kwani mwili ukikauka dawa inajazana kwenye damu. La pili ni Ramadhani, ambayo itarudi kama kawaida yake. Kushinda na kiu katika joto letu huku unatumia dawa hiyo ni jambo la kuzungumzwa na daktari mapema, kabla mwezi haujaandama. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, na ustadh yule yule mliyemwita atawaambia. Tena kukatika kwa usingizi, daku na taraweh na mikesha ya kumi la mwisho, vyaweza kumpandisha mwenye baipola. Mwaka jana mlidhani ni ibada imemzidi. Safari hii mjue mapema, mpange naye usingizi wake.

Na huo ukali? Mimi nami ukinikanya juu ya pesa zangu nakuwa mkali, na sijawahi kulazwa. Umesema kila akipandisha sauti mama huuliza, "Umemeza dawa?" Swali hilo mlizike. Mtu akiulizwa hivyo kila anapokasirika, anajifunza mambo mawili: asikasirike mbele yenu, na asiwaambie ukweli juu ya dawa. Yote mawili ni hatari kwenu kuliko hasira zenyewe.

Nije kwenye usiku ule. Umesisitiza kwamba mlimfunga kwa leso, si kwa kamba, ili nione mlivyokuwa na huruma. Nimeona. Naamini mikono yenu ilikuwa inatetemeka kuliko yake ya leo. Lakini mwanamke mzima aliyebebwa na wanaume wanne mbele ya majirani, mikono imefungwa kwa nguo ya mamake, hakumbuki tendo hilo kama huruma. Hata hospitalini kumfunga mgonjwa au kumfungia chumbani kunatakiwa kuwe njia ya mwisho kabisa, ya kuzuia madhara yaliyo mlangoni, kwa muda mfupi, na iandikwe nani aliamua na kwa nini. Nyumbani hakuna anayeandika. Kinachobaki ni yeye kukumbuka na wewe kujitetea.

Je, nasema mngemwacha aende baharini usiku? Hasha. Sikudanganyi: inaweza kufika siku ambapo lazima apelekwe naye hataki, kwa sababu uhai wake uko hatarini. Sheria inalijua hilo na mlango wa dharura imeuacha wazi. Lakini dharura ina maana yake. Kuruka kidonge si dharura. Kudai kadi ya benki si dharura. Kutaka kukushtaki, hilo ndilo dogo kabisa. Watu wenye akili timamu wanashtakiana kila siku pale mahakamani Kilifi. Dharura ni usiku kama ule, mtu yuko katika hatari ya kweli na hawezi kuipima. Na hata akilazwa kwa namna hiyo haki zake haziachwi getini pamoja na simu. Apimwe upesi, aelezwe kwa nini yuko pale, na akiona ameonewa, yeye au jamaa yake anaweza kupeleka malalamiko mpaka kwa Bodi ya Afya ya Akili ya Kenya, iliyoundwa na sheria ile ile. Kwa hiyo swali lako la kumrudisha wodini "kabla mambo hayajaharibika" jibu lake ni hapana. Mpeleke kliniki, kama atakubali mwende pamoja.

Kuna sentensi moja umeiandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, kana kwamba hukutaka niione. Umesema alipokuwa ameshuka, kabla ya yote haya, aliwahi kukwambia hana haja ya kuishi, na ulimficha daktari kwa kuogopa polisi. Nimeiona, na ndiyo iliyonifanya nikujibu wewe kwanza kabla ya wote walioniandikia mwezi huu.

Uliogopa kwa sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kifungo mpaka miaka 2, na familia nyingi zilinyamaza kama wewe. Wengine walidanganya hospitalini kwamba ni ajali. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Walioipeleka kesi hiyo walikuwemo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wenyewe. Na hata kabla ya hapo, dadako alichofanya ni kusema maumivu yake kwa kaka yake. Hilo halijawahi kuwa kosa popote. Mwambie daktari, au umwombe yeye amwambie, kwenye kliniki ijayo. Akilisema tena, usimhubirie wala usimkemee kwamba anakufuru. Mwulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua; swali hilo halimtii mtu wazo, humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, ziondoe dawa nyingi na sumu za shambani mahali anapozifikia, mwende hospitali iliyo karibu. Usiku ukiwa mrefu, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri. Inakufaa na wewe, maana nahisi katika haya yote hakuna aliyekuuliza unalalaje.

Kuhusu kushtakiwa. Anaweza, ndiyo. Anayo haki ya kwenda mahakamani kama wewe, na wapo watakaomsindikiza: kuna chama chao wenyewe waliowahi kulazwa, Users and Survivors of Psychiatry in Kenya, na nadhani kukutana na watu waliopitia alipopitia kungemsaidia hata kama hana kesi. Lakini simwoni kama anataka kesi. Mtu anayetaka kesi huenda kwa wakili kimyakimya. Anayekutangazia jikoni kwamba atakushtaki anataka umsikilize, na amekosa njia nyingine ya kukufanya ukae chini.

Basi kaeni. Msikae na binamu, wala mjomba anayependa kuongoza vikao. Wewe, yeye, na mama kama atamtaka. Anza wewe, na usianze na "ni kwa sababu tunakupenda", kwani ameshalisikia hilo akiwa amefungwa mikono. Mwambie ulichofanya, moja baada ya jingine: tulikufunga, nilichukua kadi, nilimwandikia mwalimu mkuu, nilitaka kuuza kiwanja. Usitie "lakini" baada ya yoyote. Atakujibu kwa maneno makali, pengine ya siku nyingi. Yameze. Kisha siku nyingine, si siku hiyo, mwombe akufundishe: ni dalili gani zinamjia kwanza? Angependa nani amwambie, "Naona usingizi umepungua"? Ikibidi apelekwe, angependa kupelekwa na nani, hospitali ipi, kwa gari la nani, na nani asiwepo kabisa? Dawa gani ilimfaa na ipi haitaki tena? Myaandike, atie sahihi yeye, nakala moja iwekwe kwenye faili lake kliniki. Siku mbaya ikija mtafuata maagizo yake mwenyewe, na hata kama wakati huo atapiga kelele kwamba hataki, mtakuwa na karatasi inayosema alichotaka alipokuwa ametulia. Wewe utalala vizuri zaidi kwa hiyo karatasi kuliko kwa kadi ya benki iliyo chini ya godoro.

Bili ya hospitali ni yake na yenu mjadiliane. Kabla ya kuuza chochote, muulizeni mwajiri wake na bima yake wanalipa nini. Ugonjwa wa akili hauwi tena sababu ya mtu kunyimwa bima, na mkiambiwa vinginevyo dirishani, ombeni jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi jibu hubadilika mtu akiombwa kuandika.

Limebaki la shule, na ndilo lililonikasirisha mara ya kwanza. Ugonjwa wake ni siri yake, na wewe uliipeleka ofisini kwake bila yeye kujua, kwenye bahasha, pamoja na ombi la mshahara. Kwa bahati sheria ya ajira ya 2007 inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu, na nakuombea mwalimu mkuu awe mtu wa siri. Mwandikie nyingine, fupi: kwamba ombi lako la kwanza umeliondoa, kwamba hukuwa na idhini ya mwenyewe, na kwamba mambo ya mwalimu yazungumzwe na mwalimu. Usiipeleke kabla dadako hajaisoma. Na akichukua kalamu nyekundu akakusahihisha, nyamaza usahihishwe, ndiyo kazi yake.